Turbo Iliyoombewa Akheri

Jamani, nina aibu yangu moja ambayo watu wa Akheri wameisimulia hadi imechakaa, na kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nililia nikigaragara kwenye nyasi za kanisa, uongo mtupu, machozi yalinilengalenga tu), nimeona bora niisimulie mwenyewe, mimi Ndeshi, mwenye turbo, ili mkicheka mcheke kilichotokea kweli.

Kwanza mlijue gari. Ni gari dogo la michezo, milango miwili, jekundu, limelala chini kiasi kwamba nikiliegesha nje ya geti langu Njiro, mjini Arusha, wapita njia huuliza kama limetitia. Nililinunua kwa akiba yangu ya kazi ya upimaji ardhi, wakati wenzangu ofisini wananunua magari marefu ya kubebea familia na mifuko ya saruji, na sijutii hata kidogo, maana likipita, mtu hata awe na haraka zake lazima ageuke. Baba yangu, mkulima wa kahawa na migomba kule mlimani Akheri, siku nilipomtumia picha yake alinipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Sasa mkungu wa ndizi unakaa wapi?"

Halafu likafa. Turbo yake ilianza kuvuja oili, nikaona moshi wa bluu nikajifanya sijauona, mpaka siku moja nikiwa napandisha kwenda nyumbani kuwasalimia wazee oili ikaisha kabisa, pistoni zikakwaruza silinda, gari likakoroma mara moja likanyamaza, na nikafikishwa kwa baba nikivutwa na trekta la jirani, nimeshika usukani wa gari lililokufa injini, watu wamejipanga pande zote za barabara kama wanapokea mgeni wa kitaifa. Baba akatoka, akalizunguka mikono iko nyuma, akasema mbele ya wote, "Mimi hili nitalipanda siku litakapofika hapa kwa nguvu zake lenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila lile neno liliniingia mpaka kwenye mifupa. Kuanzia hapo sikutaka kingine duniani zaidi ya kumwona baba yangu amekaa kwenye kile kiti cha kushoto, amefunga mkanda, anapita mbele ya watu walewale.

Nikaanza kuchagua spea, na hapa mniache nijisifu kidogo, ni haki yangu. Pistoni nilizigeuza mkononi moja moja mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua mayai. Nikachagua ringi, beringi za konrodi, gasketi nzuri ya chuma, pampu mpya ya oili (ile ya zamani nisingeirudisha hata ungenilipa), silinda nikazipeleka kuchongwa na nikasimama palepale karibu na mashine hadi fundi akachoka kunitazama, na kufunga nikafunga mwenyewe, uani kwangu, kila Jumamosi, na ovaroli langu, hadi wale majirani waliokuwa wananicheka wakaanza kuleta magari yao niwasikilizie injini. Mtoto wa kike wa Kimeru huyo! Injini ikakaa pale inang'aa, imetimia, imebaki turbo peke yake.

Sasa Kijenge kuna muuza spea anaitwa Hamadi, wazee wake walitoka Tanga zamani na yeye kazaliwa hapahapa Arusha, lakini ulimi wake bado mtamu kama wa kwao. Akaniwekea turbo mbili mezani. Moja ndogo, saizi ileile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Nyingine kubwa, nyeupe, imeng'arishwa, mdomo wake unaingia ngumi yangu nzima.

"Dada Ndeshi, nakushauri kama ndugu yako," akasema Hamadi. "Hii ndogo inaamka mapema, ukigusa mafuta tu ipo na wewe. Hii kubwa inalala. Mpaka uikimbize sana ndiyo iamke."

"Na sauti yake?"

"Ya hii kubwa? Dada, watakusikia mpaka Moshi."

Hapo ndipo akili yangu ilipohama. Najua vizuri kwamba barabara ya kupanda Akheri ni kona na mlima, hakuna mahali pa kulikimbiza gari, na kwamba turbo kubwa ingelala usingizi mtamu kuanzia lami mpaka getini kwa baba (nimewaambia nilikuwa najua, msinifundishe), lakini moyo ulikuwa umeshaanza kusikia mluzi wa ile kubwa. Nikasitasita. Hamadi akanionea huruma, akanifungia zote mbili, akasema niende nazo nikazilalie siku mbili tatu, Jumatatu nimrudishie nitakayoiacha. Mtu mwema sana, na wema wake ndio ulioniponza.

Jumamosi ile nikapanda kwenda Akheri kwa lifti ya mfanyakazi mwenzangu, maana Jumapili yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na mnajua kwetu mavuno hakuna anayekosa. Turbo zote mbili nikaenda nazo, nia yangu nimwonyeshe baba, ajue mwanawe hachezi. Nikamkuta kaenda shamba. Mama naye yuko kwenye pilikapilika za kuandaa sadaka: ndizi, mahindi, mayai, debe la kahawa, jogoo kafungwa miguu. Ndani kulikuwa kunafagiliwa vumbi limetanda, jikoni moshi na unga, na turbo haipendi vumbi, chembe moja ya mchanga ikiingia mle kwenye mapangaboi umekwisha. Mahali pekee pasafi palikuwa barazani, pamedekiwa, pametandikwa mkeka, na vikapu vimepangwa mstari. Kimoja kilikuwa kitupu, kipya kabisa.

Ile ndogo nikaiacha kwenye mfuko wake uvunguni mwa kitanda. Ile kubwa, mpenzi wangu, nikaiziba midomo kwa vitambaa safi, nikailaza kwenye kikapu kipya, nikaifunika na kitenge changu cha maua ya njano, nikairudisha kwenye mstari ili isipigwe teke na mtu. Wenzangu, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ile. Najua tangu nikiwa mdogo kwamba kilichopangwa barazani jioni ya kuamkia mavuno kimeshatolewa, hakiulizwi, hakifunuliwi, asubuhi wamama wanapita na pikapu wanapakia. Najua! Lakini kichwa kilikuwa kimejaa mluzi.

Asubuhi nilipotoka kuoga baraza lilikuwa jeupe. Nikauliza, nikaambiwa mama ameondoka na vikapu. Sikumbuki nilivaaje. Nilifika kanisani viatu mkononi, nikakuta kwaya inaimba na maandamano ya sadaka yameshaingia, na pale mbele, kati ya mkungu wa ndizi na yule jogoo, nikakiona kitenge changu. Mchungaji akanyanyua mikono, akaviombea vyote, akayaombea mashamba, akaiombea mikono iliyovitoa, na mimi nyuma kule nikaitikia amina kwa sauti ya mtu anayezama.

Mama alikuwa ameniwekea nafasi kwenye benchi. Alinitazama kwa uso uliojaa furaha, akaninong'oneza, "Nilipokinyanyua nikasikia uzito, nikasema leo Ndeshi katoa kitu. Mungu akubariki mwanangu." Miaka yote nimekuwa nikienda mavuno na bahasha nyembamba. Sasa niambieni, mngemwambia nini mama huyo? Ningeweza kusema palepale, "Mama, imekosewa," ikaisha, kicheko kidogo, basi. Nikasema, "Amina, mama."

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye nyasi, mnada ukaanza. Wamama tumekaa kwenye mabenchi upande huu, wababa wamesimama kule ukutani, na mpiga mnada ni Mzee Elibariki, mzee wa kanisa mwenye maneno, anayeweza kuuza yai moja mara tatu. Jogoo akaenda. Ndizi zikaenda. Akafika kwenye kikapu changu, akafunua kitenge, akanyamaza, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza watu wa Akheri kumwona Mzee Elibariki hana la kusema. Akaitoa, akainyanyua juu kwa mikono miwili, jua likaipiga ikameremeta. Nakiri, hata katika hofu yangu niliona fahari. Ilikuwa nzuri jamani.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mashine ya kumenyea kahawa!" akasema mmoja.

"Ya kusagia nyama!"

"Hicho ni kitu cha Ndeshi wa Njiro," mama akasema kwa sauti, na vigelegele vikapigwa, na Mzee Elibariki akaniita mbele nikaeleze, kwa sababu watu hawawezi kununua kitu wasichokijua.

Nikaenda nimekusudia kusema maneno mawili, nikiwa na mpango mzuri kabisa kichwani: nikikielezea vibaya hakuna atakayekitaka, nitakinunua mwenyewe kwa bei ya karanga, nirudi nacho nyumbani. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema kwamba ni kifaa cha gari. Mzee Elibariki akauliza, "Kinafanya nini?" Na mimi, wenzangu, udhaifu wangu ni huo, usiniulize turbo inafanya nini. Nikawaambia kwamba moshi wa gari, ule unaotupwa, huku unazungusha hili gurudumu, na gurudumu hili linazungusha lingine upande wa pili, linavuta hewa na kuishindilia ndani ya injini, kwa hiyo injini inapumua kuliko ilivyozaliwa, na sisi wa huku mlimani ambako hewa ni nyepesi ndio tunaoihitaji zaidi ya watu wa pwani. Nikaona wazee wanasogea.

"Yaani inakula moshi wake wenyewe?" akauliza mzee mmoja.

"Inakula, baba, na inaugeuza nguvu!"

"Na hili pangaboi linazunguka kwa kasi gani?"

"Kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona kinazunguka!"

Watu wakapiga makofi. Nikazidi. Nikawazungushia kwa kidole wasikie jinsi isivyokwaruza, nikawapitishia waishike, nikawaambia injini yangu nimeifunga mwenyewe kwa mikono hii, vigelegele juu ya vigelegele, na niliporudi kwenye benchi nikiwa nimevimba kichwa ndipo nilipotambua kwamba nimejipandishia bei kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mnada ukaanza kwa kishindo. Mmoja aliitaka ya kupepetea makapi ya kahawa, mwingine anasema itafaa kuchochea mkaa wa nyama choma. Mimi nikaona haya kushindania sadaka yangu mwenyewe (watu wangesema nimetoa kwa mkono mmoja nikachukua kwa mwingine), hivyo nikamnong'oneza jirani yangu Mama Elia, mwanakwaya mwenye sauti ya kufika mtoni, aniongezee. Mama Elia akaongeza. Mpepeta kahawa akajitoa. Mchoma nyama akajitoa. Nikashusha pumzi. Kumbe kule nyuma ya wababa, ukutani, fimbo ikanyanyuka, na mzee mwenye fimbo hiyo akasema anaongeza kwa niaba ya mwenzake.

Nikamfinya Mama Elia. Akaongeza. Fimbo ikanyanyuka. Nikamfinya tena. Tukapita bei ya jogoo, tukapita bei ya mbuzi, tukaingia kwenye bei ya ndama, na mimi nimefumba macho nahesabu mshahara, najiuliza ni nani huyo mwenye roho ngumu kiasi hicho na ana gari gani. Watu wa katikati, ambao walikuwa wanaona pande zote mbili, wakaanza kucheka. Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi nikadhani wanafurahia mnada. Tulipofika kwenye bei ya ndama aliyenona mshahara ukawa umekwisha, nikaacha kumfinya Mama Elia.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu, imekwenda!" Mzee Elibariki akapaza sauti. "Mwenye mali aje mbele."

Wababa wakagawanyika kupisha njia, na aliyetoka katikati yao, na koti lake la Jumapili, kofia mkononi, alikuwa baba yangu.

"Ndugu zangu," akasema Mzee Elibariki huku anajifuta machozi ya kicheko, "baba na mwana wamepandishiana wenyewe kwa wenyewe, na kanisa limeshiba!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kanisa zima liligeuka kunitazama na mkono wangu bado umeshika mkono wa Mama Elia, kwa hiyo hata kukana sikuweza. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na nafuu kubwa, nawaambia ukweli, kwa sababu turbo ilikuwa imerudi kwetu, itakwenda nyumbani, nitaongea na baba taratibu, tutalipana, mambo yatakwisha. Baba akaipokea. Akaitazama. Na ndipo sauti ikatoka kwenye mabenchi, kama inavyotoka kila mwaka mtu akinunua kitu kikubwa: "Mchungaji! Mchungaji!" Wakadakia wengine, makofi yakapangika, mchungaji mchungaji, maana kwetu ukinunua kitu kikubwa mnadani heshima yenyewe ni kumzawadia mchungaji. Baba akaangalia turbo, akaangalia watu, kifua kikapanda.

"Namzawadia mchungaji," akasema, "kwa ajili ya gari lake."

Mchungaji ana pikapu kuukuu ambayo haijawahi kuwa na turbo wala haina mahali pa kuifunga. Akashukuru sana. Hadi leo ipo ofisini kwake, mezani, inakandamiza karatasi zisipeperuke, na kila nikienda kumsalimia ananionyesha, na mimi nasema ni nzuri, baba mchungaji.

Jumatatu nikaenda kwa Hamadi.

"Dada, umechagua ipi?"

"Ndogo."

"Mwanamke mwenye akili. Na ile kubwa uniwekee hapo."

"Ile iko kwa mchungaji."

Akanitazama. "Mchungaji ana gari gani?" Nikamweleza yote toka mwanzo, na Hamadi akacheka mpaka ikabidi aketi kwenye tairi, akafunga duka dakika kadhaa ili acheke vizuri. Nikazilipia zote mbili, na ananipunguzia bei mpaka leo kwa sababu anasema sijawahi kumwangusha kwa hadithi.

Ile ndogo nikaifunga. Na sasa sikilizeni: siku nilipoliwasha, likaitika mara moja. Nikaliacha lipate moto, nikatoka Njiro, nikashika barabara, nikaanza kupanda, na kila kona nikigusa mafuta turbo ipo, inaamka nami, inasukuma, hakuna moshi, hakuna kukoroma, nikampita jirani mwenye trekta amesimama kando ya barabara kafungua mdomo, nikapiga honi. Getini kwa baba nilifika kwa nguvu za gari lenyewe, injini niliyoifunga mimi, nikashuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akalizunguka, mikono iko nyuma. Akaingia ndani ya nyumba. Nikadhani amebadili mawazo. Alirudi amevaa koti lake la Jumapili.

Tukapanda juu kidogo kuelekea msituni, baba amefunga mkanda, ameshika magoti. Tulipogeuza, akasema bila kunitazama, "Siku ile mama yako alinifuata pale ukutani. Alikuona uso ukiwa unarudi kwenye benchi, akajua kimekosewa, akaniambia kile kitu Ndeshi anakihitaji. Nilikuwa nakununulia wewe."

Nikapunguza mwendo. 

"Halafu watu wakapiga makofi," akasema. "Yaani wakapiga makofi kanisa zima, Ndeshi, kwa kitu cha mwanangu. Mdomo ukajisemea."

Nilicheka na kulia kwa pamoja (hapa ndipo nililia, sio kule kwenye nyasi, waambieni), kwa sababu nilimjua mtu huyo, ni mimi mwenyewe na kipaza sauti mkononi. Nikamwambia, "Baba, hata mimi nisingeweza kukataa." Na nimeapa, wenzangu, spea yangu haitakaa tena barazani wakati wa mavuno, italala nami kitandani, na yeyote akiniuliza turbo inafanya nini mbele ya watu nitasema sijui.

Tulipokaribia njia panda nikawasha indiketa ya kwenda nyumbani. Baba akanigusa mkono.

"Pita kanisani kwanza," akasema. "Kwaya wana mazoezi leo." Halafu akashusha kioo chake chote, akatoa kiwiko nje, akaniambia niende polepole.